Tuna tuna gani leo? Kulinganisha samaki wa kuagiza kwenye mgahawa wa sushi

Ukimuuliza mhudumu "tuna tuna gani leo?" atacheka kwanza, maana swali lenyewe kwa Kiswahili lina mzaha ndani yake, kisha atakujibu: "Tuna ya kawaida tu, dada." Ya kawaida haipo. Kwenye menyu za Masaki, Dar, au Westlands, Nairobi, neno hilo moja linaweza kuwa samaki wanne, waliovuliwa kwa zana zisizofanana, mmoja wa kula bila wasiwasi na mwenzake anavuliwa haraka kuliko anavyozaana. Sahani haikuambii. Wote wanakuja vipande vyekundu juu ya wali wa siki.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Jodari na pweza nimewala kabla sijajua kushika vijiti, na wifi yangu huona haya kila ninapoanza kumhoji mhudumu. Siku moja akachoka: "Andika basi, ili siku nyingine niagize mwenyewe bila hotuba yako." Nimeandika. Nimewapanga samaki kama mtu anavyosita mbele ya menyu: huyu au yule?

Jodari kwa jodari

Anza na majina ya Kijapani, kwa sababu yanasema mengi kuliko neno "tuna". Hon-maguro ni jodari pezi-buluu. Mebachi ni jodari macho-makubwa. Kihada ni pezi-njano, huyu ambaye pwani yetu ukisema jodari tu, watu wengi wanamfikiria yeye. Katsuo ni yule mdogo wa mistari tumboni, jamaa wa sehewa. Ukikuta "maguro" tupu, bado hujaambiwa kitu. Toro, chutoro na otoro si samaki; ni nyama ya tumbo yenye mafuta, na mara nyingi hutoka kwa pezi-buluu, ndiyo maana bei yake inaruka.

Pezi-buluu ndiye mwenye hadithi. Januari 2019, kwenye mnada wa kwanza wa mwaka katika soko la Toyosu, Tokyo, samaki mmoja wa kilo 278 aliuzwa yen milioni 333.6. Bei ya namna hiyo haimwachi samaki kupumua. Mwaka 2010 Monako ilipendekeza biashara ya kimataifa ya pezi-buluu wa Atlantiki ipigwe marufuku. Mkutano ulikuwa Doha, na pendekezo likaangushwa. Wakati huohuo yule wa Pasifiki alikuwa amebaki takriban asilimia 2 ya wingi ambao angekuwa nao asingevuliwa kabisa.

Lakini haki lazima isemwe, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umeganda mwaka ule wa 2010. Viwango vya uvuvi vilipunguzwa, na samaki akarudi. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimtoa pezi-buluu wa Atlantiki kwenye kundi la walio hatarini. Wa Pasifiki alifikia lengo la asilimia 20 mwaka huohuo wa 2021, miaka 13 kabla ya muda uliopangwa. Wa kusini, anayezaliana karibu na Java, bado IUCN inamhesabu kuwa hatarini ingawa naye amepanda daraja.

Je, nimwagize? Mimi simwagizi, na sababu yangu siku hizi ni chakula anachokula. Wengi wanaouzwa mgahawani hunaswa wakiwa wadogo, wakafungiwa kwenye vizimba baharini na kunenepeshwa kwa samaki wadogo, dagaa wa aina zote, zaidi ya kilo kumi kwa kila kilo moja anayoongeza. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo dagaa walikuwa mboga ya siku nne kati ya saba, hesabu hiyo haimpiti kooni.

Hao wawili wa katikati ndio utakaokutana nao sana Dar, Mombasa na Nairobi, na hapa uamuzi ni mwepesi: kati ya mebachi na kihada wa Bahari ya Hindi, chukua kihada. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, ilitangaza mwaka 2015 kuwa kihada amevuliwa kupita kiasi, na kwa miaka karibu kumi jina lake lilikuwa kwenye orodha za "epuka". Tathmini ya 2024 ilionyesha amerudi upande salama. Mebachi yeye, kwenye tathmini ya 2022, alikutwa amepungua na bado anavuliwa kupita kiasi. Tena mebachi hubeba zebaki nyingi zaidi. Mamlaka ya chakula ya Marekani inawaambia wajawazito wamwepuke kabisa.

Bora kuliko wote ni katsuo, na ndiye anayedharauliwa. Anakua haraka, anazaa mapema, zebaki yake ni kidogo. Wajapani humchoma juujuu kwenye moto mkali, ndani abaki mbichi, wakamla na tangawizi na kitunguu. Wamaldivi humvua mmojammoja kwa fimbo, mshipi na ndoana, wakimwaga dagaa hai majini ili kundi lipande juu. Uvuvi wao huo ulipata cheti cha MSC, cha uvuvi usiomaliza samaki, mwaka 2012. Ndoana moja, samaki mmoja. Kasa hanaswi, pomboo hanaswi.

Na hapo ndipo kwenye kiini cha jambo: zana. Kihada yuleyule anaweza kuwa amevuliwa kwa mshipi wa mkono na watu wawili ndani ya boti ya faiba, au na meli kubwa yenye wavu wa kuzingira uliotupwa kuzunguka chelezo. Chelezo hizo huachwa zielee baharini na kifaa cha satelaiti, samaki wanajikusanya chini yake, meli inakuja kuzoa. Tatizo ni kwamba kivulini mwa chelezo katsuo wakubwa hukaa pamoja na watoto wa kihada na wa mebachi ambao hawajawahi kuzaa hata mara moja. Februari 2023 Tume ilikutana Mombasa kwa ajili ya jambo hilo tu, ikapiga kura chelezo zisimamishwe siku 72 kwa mwaka. Umoja wa Ulaya, wenye meli nyingi za aina hiyo, ukaweka pingamizi, na kwa kanuni za Tume aliyepinga hafungwi na uamuzi. Njia ya tatu ni nyavu za jarife za upande wa Iran, Pakistani na Oman, ambazo humkamata kila anayepita, pomboo akiwemo.

Utajuaje sasa? Kuna kitu nilijifunza kwa bahati. Mgahawa mmoja, jina lake silitaji, uliandika kwenye ubao "jodari wetu wa Zanzibar". Nikauliza. Mhudumu akaingia jikoni, akarudi na kipande cha boksi kilichochanwa, bado kina barafu pembeni. Kimeandikwa Thunnus albacares, chini yake FAO 71. Albacares ni kihada, sawa. Lakini FAO 71, kwa namba za maeneo ya bahari za Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa, ni Pasifiki ya magharibi, upande wa Indonesia, Ufilipino na Papua New Guinea. Bahari ya Hindi ya kwetu ni 51. Jodari wa Zanzibar alikuwa hajawahi kuiona Zanzibar. Tangu siku hiyo naomba boksi. Majina ya kukumbuka ni matatu: albacares kwa kihada, obesus kwa mebachi, pelamis kwa katsuo. Namba 51 na 57 ni Bahari ya Hindi, 27 ni Atlantiki kaskazini-mashariki, 61 ni Pasifiki ya upande wa Japani. Boksi likiwa limetengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, na zana ya uvuvi imo.

Kando kidogo: jodari anayebaki mwekundu kama tikiti maji siku tatu mfululizo amepuliziwa gesi ya kaboni monoksidi ili asibadilike rangi. Ulaya na Japani wameikataza. Jodari wa kweli, ukimkata asubuhi, jioni ameanza kwenda kahawia, kama tulivyozoea kumwona pale soko la samaki la Feri, Dar.

Samoni wa kufugwa au wa porini

Watu wengi hudhani samoni ni sushi ya asili. Wajapani hawakuwa wakila samoni mbichi, kwa kuogopa minyoo. Wanorwe ndio waliowashawishi kuanzia miaka ya 1980, walipokuwa na samaki wengi wa vizimba na wanatafuta soko. Samoni ya migahawa ya huku nyingi ni hiyo ya Norwe, imekuja kwa ndege.

Wa porini kutoka Alaska ndiye anayeshinda kwa mbali. Katiba ya jimbo lile, iliyoanza kutumika 1959, inaagiza samaki wavunwe kwa namna ya kudumu, na kufuga samaki wa mapezi kumekatazwa huko tangu 1990. Nyama yake ni nyekundu iliyokoza, mafuta machache. Kwetu ni nadra kumpata, na bei ni ya kukufanya ufunge menyu.

Kwa hiyo swali halisi ni hili: wa kufugwa wa Norwe au wa Chile? Chukua wa Norwe. Wanorwe walianza kuchanja samaki wao na dawa za antibiotiki karibu zikatoweka kwenye vizimba. Chile bado inatumia mamia ya tani kwa mwaka. Chawa wa baharini na samaki wanaotoroka na kuchanganyika na wale wa porini bado ni tatizo Norwe, nisiwasafishe kupita kiasi. Lipo na lile linalotugusa Waafrika: viwanda vya unga wa samaki vya Mauritania, Senegali na Gambia husaga samaki wadogo ambao ndio kitoweo cha watu wa pwani ile, unga ukaenda kulisha samaki wa vizimba ng'ambo. Nembo ya kijani ya ASC kwenye boksi walau inamaanisha kuna mtu amekagua shamba, na chakula pia. Ya buluu ya MSC ni ya samaki wa porini.

Usisumbuliwe na neno "iliyogandishwa". Samaki wengi wa kula mbichi inatakiwa wagandishwe, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba ndiyo kanuni ya Marekani, ili minyoo ife. Na aliyegandishwa anaweza kuja kwa meli, hana haja ya ndege.

Unagi

Hapa sina cha kulinganisha, najibu tu: usiagize. Wifi, nakuona.

Unagi ni mkunga wa maji baridi aliyechomwa na kupakwa mchuzi mtamu wa soya. Menyu itakwambia ni wa kufugwa, na ni kweli, ila kila mkunga wa kufugwa alichukuliwa baharini akiwa kitoto chembamba kama uzi wa kioo. Wajapani walifanikiwa kuwazalisha maabara mwaka 2010, lakini sokoni bado wanategemea vitoto vya porini. Mkunga wa Japani yuko kwenye orodha ya IUCN ya walio hatarini tangu 2014. Wa Ulaya yuko hatarini zaidi ya hapo, na Umoja wa Ulaya umezuia kumuuza nje tangu 2010. Vitoto vyake husafirishwa kwa magendo ndani ya mabegi kama dawa za kulevya.

Utamu unaoupenda ni wa mchuzi. Mwombe mpishi aupake kwenye kibua cha kuchoma. Wajapani wenyewe hufanya hivyo kwa samaki wa bei ndogo, na wapishi wengi wa huku hufurahi kuombwa.

Kamba au pweza

Ebi ni kamba wa kuchemsha, na wengi wanaokuja kwenye sushi ni wa mabwawa ya Asia au Ekuado. Mabwawa mengi ya Asia yalichimbwa mahali palipokuwa na mikoko. Mtu wa Rufiji hahitaji kuelezwa hilo: mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kufanya delta ile shamba kubwa la kamba, wanakijiji wakaukataa hadi mahakamani, na shamba halikujengwa. Kamba wa porini naye, akivuliwa na meli za kukokota, huja na kilo kadhaa za viumbe wengine kwa kila kilo ya kamba. Kenya ilizisimamisha meli hizo Ghuba ya Ungwana mwaka 2006 baada ya ugomvi wa miaka na wavuvi wadogo. Kama lazima ule kamba mbichi, amaebi wa maji ya baridi ya Kanada na Grinlandi ana rekodi nzuri zaidi.

Pweza ndipo ninapopendelea wazi, na sioni aibu. Kwetu wanawake huenda pwani maji ya bamvua yakishakauka, kijiti chenye ncha ya chuma mkononi, macho chini, wakitafuta tundu lililopangwa vijiwe mlangoni. Pweza ana tabia ya usafi: maganda ya kaa aliyemla anayatupa nje, na ndiyo yanayomchongea. Ukimchokoa anaubana mkuki, unamvuta polepole, ukivuta kwa pupa unatoka na mkono mmoja. Hakuna wavu, hakuna kasa aliyekufa. Ubaya upo pale watu wanapopindua matumbawe na kuyavunja, au wanapobeba vitoto. Sheria ya Tanzania inataka pweza asiwe chini ya nusu kilo.

Kinachompa pweza nafasi ni maisha yake mafupi. Anaishi kama mwaka mmoja na kidogo, anakua kwa kasi ya ajabu, jike anataga mara moja, anayalinda mayai bila kula, kisha anakufa. Ndiyo maana mwamba ukifungwa miezi miwili mitatu, siku ya kufungua watu wanatoka na pweza wazito. Wavezo wa Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004. Baadaye utaratibu ukafika huku, Kisiwa Panza kule Pemba na Songosongo pale kwetu Kilwa.

Sasa nikae Masaki, niagize tako, ndiyo pweza kwa Kijapani, nionyeshwe pakiti ya pweza aliyekatwa tayari kutoka Asia ya mbali! Imenitokea. Mpishi alijieleza kwa upole: wa pakiti ana ukubwa mmoja na hana mchanga. Pweza wetu wazuri wanakwenda Italia, Uhispania na Ureno. Basi ukiuliza "pweza wa wapi?" na jibu likawa Kilwa, Mafia au Pemba, agiza sahani mbili.

Wale wengine, harakaharaka

Hamachi: ni wa kufugwa Japani, lakini kwa watoto waliovuliwa porini, na anakula sana. Kolekole ni wa ukoo mmoja naye, nyama yake ngumu kidogo na tamu. Mgahawa unaompata kwa mshipi, mchukue.

Saba, ndiyo kibua kwa Kijapani: samaki mdogo, bei nafuu, na kwa miaka ilikuwa chaguo la wazi. Mwaka 2019 wa Atlantiki kaskazini-mashariki alipoteza cheti cha MSC kwa sababu nchi zinazomvua hazikubaliani kugawana, kila moja inajipimia yake. Bado namweka juu ya hamachi. Usidanganywe kuwa siki huua minyoo. Kinachoua ni friza.

Hotate (wa magamba mawili, jamii ya chaza), chaza na kome hawalishwi kitu, wanachuja maji. Agiza kwa amani.

Kaa bandia wa California roll hutengenezwa kwa samaki mweupe wa Alaska, ambaye uvuvi wake una cheti cha MSC tangu 2005. Inachekesha, lakini kile kijiti cha rangi ya waridi tunachokicheka kina karatasi safi kuliko otoro ya jirani yako.

Uni ni mayai, tuseme hivyo, ya yule mnyama wa miiba anayewalemaza watalii. Kwenye miamba ya Kenya huongezeka kupita kiasi pale kikande, samaki anayemla, anapovuliwa hadi kwisha. Kumla kungekuwa msaada. Tatizo hakuna anayemleta mjini.

Nori, ile karatasi nyeusi inayofunga sushi, si mwani wa Paje, Zanzibar. Ni jamii nyingine, karibu yote inalimwa Japani, China na Korea, na haina dhambi.

Ninavyoagiza

Katsuo akiwepo, katsuo. Asipokuwepo, kihada wa mshipi wa 51. Pweza. Kibua kilichopakwa mchuzi wa unagi. Roll moja ya tango au ya yai kujazia tumbo, na samoni wa Norwe vipande viwili, si kumi na viwili, kwa sababu nampenda.

Jambo moja la msimu. Kusi likianza kuvuma, toka Aprili hadi kama Septemba, vyombo vidogo vya mshipi haviendi mbali, na jodari wa wavuvi wadogo huwa adimu. Ukiambiwa mwezi wa saba kwamba jodari huyu ametoka baharini leo asubuhi, uliza ametoka na chombo gani. Mpishi mmoja wa Oysterbay alinijibu vizuri nilipomwuliza: "Dada, bahari imechafuka wiki ya pili hii. Kula yai."